Muulize mzee wako jina lake la jeshini lilitoka wapi

Siku ya tatu ya msiba wa baba mdogo, wanaume wamekaa chini ya turubai nje, akaingia mzee mmoja simjui, kapelo kichwani na begi dogo la safari mkononi, akauliza "hapa ndo kwa Bado Moja?" Watu wakaangaliana. Mama mdogo alikuwa ndani kwenye mkeka na wenzake akalisikia lile jina kupitia dirishani na nilimwona alivyofunika uso na khanga, maana hilo jina alilichukia miaka yote ya ndoa yao.

Sisi wote pale nyumbani tulijua Bado Moja ni jina la baa. Yani tulijiaminisha hivyo, kwamba huko ujanani alikuwa mtu wa "niongezee moja bado sijatosheka". Na yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa anatabasamu tu anasema "mambo ya JKT hayo", yani Jeshi la Kujenga Taifa, basi.

Yule mzee akapewa maji akanywa, akaomba asimame aseme kidogo. Akasema walikuwa kombania moja, miaka ya themanini, mujibu wa sheria, yani yale mafunzo ya lazima ya JKT, wametoka fom siksi wakapelekwa kambi moja huko kanda ya kati. Wiki ya nne kuna mestini ya mtu, chombo chake cha kulia chakula, ikapotea, kombania nzima ikawekwa chini kupiga pushapu na afande akasema akianguka mmoja hesabu inaanza upya. Yeye huyo mzee alikuwa ametoka kwenye ED, ruhusa ya mgonjwa kupumzika, siku hiyohiyo, malaria bado iko mwilini, mikono inatetemeka, jasho linadondoka kwenye vumbi anaona matone yake yanavyotengeneza vishimo pale chini ya pua. Baba mdogo yuko pembeni yake. Akamnong'oneza "bado moja". Akapiga. Akamwambia tena "bado moja". Akapiga. Zilikuwa zimebaki kama arobaini lakini mwenzie anamwambia bado moja, bado moja, bado moja, mpaka zikaisha na hakuna aliyeanguka. Afande alisikia, akamtoa mbele akamwongezea zake peke yake, na jioni hanga zima, yani bweni lao, likawa linamwita Bado Moja.

Mzee akamalizia, "mimi nimetoka Singida na basi la usiku, nisingeweza kutokuja." Akakaa.

Mama mdogo alilia siku ile kuliko hata siku ya kuzika.

Toka hapo hili jambo halijanitoka kichwani. Hili jina tulilidharau miaka yote kumbe ndo lilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizonazo na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye akamuuliza vizuri. Tunaandika kwenye tangazo la msiba "marehemu fulani, maarufu kama fulani" tunaweka alama za kufunga na kufungua, tunazika, na maana inaondoka naye.

Maana jina la jeshini hujipi. Mtaani mtu anaamka asubuhi anajiita Simba, anajiita Bosi, sawa ni haki yake. Kule huna hiyo nafasi, ukifika wewe ni kuruta, nywele zimenyolewa, nguo mnafanana, afande hajui jina lako na wala hana muda nalo, anakuita "wewe mrefu" au "wewe wa tatu mstari wa nyuma". Halafu wenzako wanaokuona saa kumi alfajiri kwenye mchakamchaka, wanaokuona ukiwa na njaa, ukiwa umelowa, ukiwa umekumbuka kwenu, hao ndo wanakupa jina. Wamekuona vile hata mama yako hajakuona.

Mimi nimepita baada ya mujibu wa sheria kurudishwa 2013 (ilisimamishwa 1994), sisi ilikuwa miezi mitatu tu lakini majina yalipatikana vilevile. Hanga letu la wasichana kulikuwa na dada tulimwita Ndoo. Alikuwa analala na ndoo yake ameifunga na kamba ya buti kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu kule ndoo ikipotea umeisha, ndo ya kuogea, ndo ya kufulia, ndo ya kubebea maji. Lakini sio hicho tu kilichofanya jina likae. Ile ndoo aliyokuwa anailinda hivyo usiku, mchana alimwazima kila mtu. Mimi niliitwa Barua kwa vile simu haziruhusiwi na niliwaandikia barua wenzangu ambao hawakujua waanzie wapi kumwandikia mzazi. Mpaka leo nikipokea simu naambiwa "Barua, upo?" najua kabla ya sauti kwamba huyu tulikula naye ugali wa kambini.

Na hata wakubwa wamebeba haya majina. Vita vya Kagera na Uganda ya Idi Amin, 1978 na 1979, wazee wetu wakivisimulia huwa hawaanzi na vyeo, wanaanza na majina. Silas Mayunga ni Mti Mkavu. John Walden ni Black Mamba. David Musuguri, yule aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi na akafariki 2024 akiwa na miaka 104, aliitwa Jenerali Mutukula kutokana na ule mji wa mpakani waliouteka Januari 1979. Hata ile mizinga yetu ya roketi Waganda waliibatiza Saba Saba. Na ukirudi nyuma kabisa, Kariakoo yetu ya Dar ni Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza kwenye vita vya kwanza vya dunia. Tunapanda daladala kila siku tunalitaja jina la jeshi na hatuwakumbuki waliobeba ile mizigo.

Nisiseme yote ni mazuri. Yapo majina ya kumuumiza mtu, ya kabila lake, ya umbo lake, ya siku moja alipolia. Kulikuwa na binti aliitwa kwa kigugumizi chake miezi yote mitatu na alikuwa anacheka na sisi, nikikumbuka ule mcheko sasa naona haukuwa mcheko. Jina kama lile libaki getini, na mkikutana mjini mwite jina alilopewa na wazazi wake.

Ila yale mengine jamani tuyaulize, na tuyaandike pamoja na kisa chake, hata kwenye daftari la shule. Waliopita JKT miaka ya mwanzo kabisa, ilipoanzishwa 1963, saa hizi wana miaka themanini na kitu.

Mama mdogo alimwambia fundi wa msalaba aongeze Bado Moja chini ya jina. Fundi akauliza mara mbili kama ana uhakika.

Baba yangu mzazi wenzie wanamwita Saa Tisa. Nimempigia juzi nikamuuliza, akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema hiyo sio ya kwenye simu, njoo Jumapili. Nimeshanunua daftari.