Pensheni kwa Kila Mzee, au kwa Mzee Maskini Peke Yake?

Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa pensheni jamii wakaazi waliotimiza umri wa miaka 70, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa wala kama wana shamba au nyumba. Malipo yalianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na sasa ni shilingi 50,000. Tanzania Bara haina pensheni ya aina hiyo. Mzee asiye na uwezo hutegemea zaidi Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ambao hutafuta kaya zilizo hoi, huziandikisha kuwa walengwa, na sehemu ya ruzuku yake huambatana na masharti ya watoto kuhudhuria shule na kliniki. Mpango huo unafanya kazi Unguja na Pemba pia, hivyo Zanzibar ina njia zote mbili kwa pamoja.

Lawama inayoelekezwa kwa pensheni jamii inajulikana: mzee mwenye nyumba za kupangisha mjini anapokea kiasi kilekile anachopokea mjane wa Micheweni, kisiwani Pemba, ambaye hana hakika ya chakula cha jioni. Wanaoitoa lawama hiyo si watu wasiojali. Wengi wao wanataka kila shilingi ya umma iende kwa mwenye njaa, na hilo haliwezi kubezwa. Ila hoja yao imejengwa juu ya dhana kwamba maskini anajulikana, na kwamba kazi iliyobaki ni kumfikishia fedha tu. Dhana hiyo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa.

Katika mpango wa TASAF, kaya hutambuliwa kwa hatua. Maeneo huchaguliwa kwanza, kisha mkutano wa kijiji, mtaa au shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar) hutaja kaya zinazofahamika kuwa maskini, na mwisho hujazwa dodoso linalouliza juu ya nyumba na mali: paa ni la nini, ukuta ni wa nini, kuna redio, baiskeli au mifugo. Majibu huingizwa kwenye mfumo unaokadiria hali ya kaya. Sasa mfikirie bibi ambaye mwanawe, alipokuwa bado na kazi, alimwezekea nyumba bati. Kazi imekwisha, mwana ameacha kutuma fedha, na bibi analea wajukuu wawili kwa kuuza mihogo ya kukaanga barabarani. Bati lile bado linang'aa. Dodoso linaliona bati, lakini haliwezi kuona kwamba jana jioni walikunywa uji mtupu wakalala. Hakuna aliyefanya hila hapo, na mtendaji aliyejaza fomu amefuata maelekezo yote. Kipimo chenyewe ndicho kilichomwacha nje.

Takwimu za utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 Tanzania Bara zinaonesha kwa nini kosa hili haliepukiki. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ule wa umaskini wa chakula kwenye shilingi 33,748. Asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya mstari wa kwanza, na asilimia 8 chini ya ule wa pili. Nafasi yote iliyopo kati ya mistari hiyo miwili ni shilingi 15,572 kwa mwezi, yaani kama shilingi 519 kwa siku. Ndani ya nafasi hiyo finyu wanaishi watu milioni nyingi, na wanapanda na kushuka ndani yake kila msimu: mvua ikichelewa wanashuka, korosho ikipata bei wanapanda, mtu mmoja akilazwa hospitali wanashuka tena. Inatupasa tujiulize ni dodoso gani, lililojazwa siku moja na kutumika kwa miaka kadhaa, litaweza kutenganisha kaya kwa tofauti ya shilingi 519 za siku. Wataalamu wanaweza kuliboresha, lakini hawawezi kulifanya lione kisichosimama mahali pamoja.

Kuna walioachwa nje hata kabla dodoso halijafika. Awamu ya kwanza ya mpango ilifikia takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia, na katika maeneo yaliyobaki mtu hakuwa na mlango wa kubisha, hata awe maskini kiasi gani, mpaka awamu ya pili ilipozinduliwa Februari 2020 ikiwa na lengo la kufikia maeneo yote. Wakati huohuo uhakiki uliondoa orodhani makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili, zikiwamo kaya hewa. Palipo na orodha ya kuchagua pana mwenye mamlaka ya kuchagua, na palipo na mamlaka hayo majirani watauliza kwa nini yule amepita na huyu ameachwa. Umri, ambao ndio kipimo cha pensheni, nao una matatizo yake, kwa sababu wazee wengi walizaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuenea na tarehe zao ni za kukadiria. Hata hivyo swali ni moja tu, na sheha, kiongozi wa shehia, pamoja na majirani wanaweza kulijibu hadharani bila kuingia chumbani kwa mtu kuhesabu vyombo.

Haki inataka tuutazame upande wa pili, ule wa kuchagua kaya maskini, kwa yale unayoyafanya vizuri. Tathmini ya majaribio ya TASAF katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, iliyochapishwa 2014, ilikuta kaya zilizopokea fedha zikijiunga zaidi na bima ya afya, zikiwanunulia watoto viatu na kufuga zaidi, matokeo yanayokanusha madai kwamba ruzuku huzaa uvivu. Pia pensheni haimsaidii mama kijana mwenye watoto wadogo asiye na mzee nyumbani, na hilo ni pengo ambalo mtetezi wa pensheni hana jibu lake. Na ukame unapomaliza chakula sokoni, fedha mkononi hupandisha bei tu. Hapo kinachohitajika ni mahindi ya akiba, yafike mapema.

Hoja nzito zaidi dhidi ya pensheni ya wote ni gharama. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni 1.9 Zanzibar, na karibu milioni 60 Bara. Mzigo wa Bara ungekuwa mkubwa zaidi, lakini hesabu ya gharama hiyo si ya kutisha kama inavyodhaniwa. Kulipa wazee milioni moja shilingi 50,000 kila mwezi kunagharimu shilingi bilioni 600 kwa mwaka, takriban asilimia 1.2 ya bajeti ya trilioni 49.35 ya mwaka 2024/25. Ni fedha nyingi, na lazima zitoke mahali, lakini umri wa kuanzia ungeweza kuwekwa juu, miaka 75 au 80, kisha ukashushwa kadiri mapato yanavyoruhusu. Mzee tajiri aliyepokea pamoja na wengine anaweza kufuatwa kwa kodi ya majengo na ya mapato ya pango, ambako nyumba zake zinaonekana wazi kuliko njaa ya jirani yake.

Kenya inatoa onyo ambalo watetezi wa pensheni wanapaswa kulichukua kwa uzito. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa wote wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni ya serikali, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kiwango hicho hakikupanda pamoja na bei za unga na mafuta, malipo yalicheleweshwa mara kwa mara, na waliotimiza umri baada ya usajili kufungwa walisubiri kwa miaka. Zanzibar nayo ilikaa na shilingi 20,000 kwa miaka mingi kabla ya kuzipandisha. Kwa hiyo Bara ikiamua kufuata njia hii, sheria itakayoianzisha iweke mambo mawili tangu siku ya kwanza: kiwango kipitiwe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, na daftari la usajili lisifungwe, ili mzee anayetimiza umri mwezi huu aanze kulipwa mwezi unaofuata.