Hurts alikaa benchi, na timu haikugawanyika

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema umoja wa timu za futiboli ya Kimarekani (ile ya kurusha mpira kwa mikono) ya vyuo huko Marekani hujengwa na ukali wa kocha. Nakubali nusu tu, maana namkumbuka Jalen Hurts wa Chuo Kikuu cha Alabama.

Januari 8, 2018, fainali ya taifa mjini Atlanta. Hadi mapumziko wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Georgia, wanaongoza 13-0. Kocha wa Alabama, Nick Saban, akamtoa Hurts, kijana aliyewaongozea mashambulizi kwa misimu miwili, akamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza. Mbele ya nchi nzima! Katika muda wa nyongeza Tua akaangushwa, wakapoteza yadi 16. Mara moja akarusha pasi ya yadi 41, wakashinda 26-23. Hurts alimshangilia mwenzake usiku ule kwa moyo mweupe.

Angeweza kuhamia chuo kingine. Alibaki. Desemba mwaka huohuo, uwanja uleule, Georgia walewale, Tua akaumia kifundo cha mguu. Hurts akaingia robo ya nne timu ikiwa nyuma 28-21, akarusha pasi ya kusawazisha, kisha akakimbia na mpira mwenyewe yadi 15. Ikawa 35-28.

Saban nampa heshima yake, aliubeba uamuzi mgumu ambao ungemwangukia yeye. Ila ni ukali gani wa kocha unaomfanya kijana wa miaka 20 ajifue msimu mzima akijua yeye ni wa akiba? Naomba mwandishi aturudie na hilo, kwa sababu makala hii imewasahau wachezaji wenyewe.