Nitafutie mtoto mwenye sauti

Jumatatu iliyopita, kabla sijamaliza chai, simu iliita. Alikuwa meneja wa vipindi wa kituo kimoja cha redio hapa Dar, kijana niliyemfundisha mwenyewe miaka ya nyuma. "Shikamoo Prof." Marahaba. Tukaulizana habari za nyumbani, kisha akaingia kwenye lililomfanya apige. "Prof, nitafutie mtoto mwenye sauti. Awe mchangamfu, halafu awe na wafuasi, angalau elfu hamsini Instagram. Hao wa vyeti na GPA tunao wengi."

Nikamuuliza atamlipa kiasi gani. Akasema ataanza kwa kujitolea, halafu wataangalia.

Maneno yale nilishinda nayo siku nzima. Huyu ni kijana mwema, anaipenda kazi yake na ananiheshimu. Lakini anatafuta mdomo, na mdomo wenyewe anautaka bure. Kuhusu masikio ya huyo mtoto hakuniuliza kitu.

Nimefanya kazi ya redio na kuifundisha kwa miaka arobaini sasa, na nikiambiwa nibaki na somo moja tu, nitabaki na kusikiliza. Kuongea mtu anaweza kujifunza ndani ya mwezi. Kusikiliza kunachukua miaka, na ndiko kunakomtofautisha mtangazaji na mtu yeyote mwenye spika barabarani.

Nilipoanza kazi Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, mwaka 1984, nilikaa karibu miezi mitatu bila kusogelea maiki. Kazi yangu ilikuwa kubeba Uher, ile rekoda ya Kijerumani iliyokuwa inakata bega, na kuhariri mikanda. Mkanda ulikatwa kwa wembe. Unauvuta kwa mkono taratibu kwenye mashine, mbele na nyuma, unasikia neno likinguruma linapoanza na linapoisha, unaweka alama kwa penseli, unakata mshazari, unaunganisha kwa kipande cha utepe wa gundi. Ukikosea kidogo umekata pumzi ya mtu, na mtu aliyekatwa pumzi msikilizaji anamshtukia hata kama hajui kwa nini. Mzee aliyenifundisha alikuwa na tabia ya kuinama na kuokota vipande nilivyotupa sakafuni. Anakipitisha kipande kwenye mashine, anasikiliza, ananirudishia. "Hiki kirudishe. Hapa mama alikuwa anafikiri."

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa pepo. Redio huku Bara ilikuwa moja, ya serikali, na habari nyingi zilikuwa za kiongozi kufungua hiki na kuzindua kile. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, na sijajuta. Wananchi wakaanza kupiga simu studio na kumbishia mkubwa hewani, jambo ambalo mzee wangu wa mikanda asingeliota. Leo nchi ina vituo zaidi ya 200. Hilo ni jema, nalikubali, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu nikipanda daladala asubuhi nasikia vituo vitatu vikisoma magazeti yale yale, kwa vicheko vile vile. Mchana wanasoma walichokiona kwenye simu zao. Sauti ya mtu aliye nje ya studio, mwenye jambo lake na namna yake ya kulisema, unaweza kuisubiri mpaka ukashuka.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja kampeni ya afya kwa redio, Mtu ni Afya, ilipopita mwaka 1973. Wenye umri wangu wanaikumbuka. Kijijini kwetu kikundi kilikaa chini ya mwembe, redio juu ya kiti, kiongozi ameshika kijitabu chake. Kipindi kinasikilizwa kimya mpaka mwisho, halafu redio inazimwa na watu wanaanza kujadili. Redio inazimwa! Waliotengeneza kile kipindi walijua kwamba kazi yao inakamilika watu wanapoanza kusemezana wenyewe. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kama vile, na wakatoka pale wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Baba yangu alichimba cha kwetu wiki ile ile. Nilimshikia taa.

Sasa niwaeleze kuhusu mwanafunzi mmoja.

Mwaka juzi niliwapa wa mwaka wa pili zoezi la dakika tatu: nenda mahali watu wanafanya kazi, rudi na sauti. Binti mmoja mkimya, wa viti vya nyuma, alikwenda soko la samaki la Feri alfajiri. Akaniletea kipindi kisafi, kimepangwa vizuri, na mama muuza samaki anaeleza biashara yake bila kukwama hata mara moja. Kilikuwa kisafi mno. Nikamwomba sauti ghafi. Dakika arobaini. Tukakaa ofisini tukaisikiliza yote, feni imezimwa ili tusikie.

Kwenye dakika ya ishirini na kitu mama anaulizwa alianza lini kuuza samaki. Anasema, "Tulianza na dada zangu. Tulikuwa..." Halafu ananyamaza. Nyuma yake kuna mtu anapasua barafu, pa, pa, pa. Kuna mnadishaji anataja bei. Sekunde saba nzima. Halafu anasema, chini kabisa, "Tulikuwa wanne." Na anaendelea na bei ya samaki aina ya changu.

Kwenye kipindi kilichokamilika ilikuwa imebaki, "Tulianza na dada zangu, tulikuwa wanne," kama mtu anayejaza fomu. Nikamuuliza binti zile sekunde saba zimekwenda wapi. Akaniambia hakuzikata yeye. Programu ya kuhariri ina kitufe, ukikibofya inaondoa kimya chote yenyewe, na alipokuwa fildi kwenye kituo kimoja waliambiwa wakibofye kila mara, kwa sababu kimya kinamfanya msikilizaji ahame.

Nikamchezea tena, mara mbili, zikiwa nzima. Mara ya pili alilia. Akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa nimekaa mbele yake na sikumsikia." Aliirudia kazi yake usiku ule, na kesho yake darasa zima, watu wenye simu mikononi, lilikaa sekunde saba bila mtu kujikohoza. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko ile darasani.

Binti yule nilimwandikia barua ya mapendekezo kwa mkono wangu. Kituo kikampokea, kwa kujitolea. Mwezi wa kwanza akaomba nauli ya kwenda Kisarawe kurekodi wachoma mkaa. Akaambiwa hakuna fungu, apige simu. Mwezi wa pili akaambiwa apige simu kwa vocha yake. Mwezi wa nne akaambiwa kipindi atakipata akija na mdhamini wake mwenyewe, yaani binti wa miaka ishirini na tatu azunguke kwenye maofisi kutafuta tangazo la kumlipia mshahara wake. Miezi minane alikwenda kazini kila siku kwa hela ya mama yake. Leo yuko kwenye kibanda cha uwakala wa pesa Mbagala. Ananisalimia vizuri sana nikipita, na mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama usoni.

Ndiyo maana ile "ataanza kwa kujitolea" imenichoma kiasi hiki. Kusikiliza kuna gharama. Kuna nauli, kuna muda, kuna kurudi mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza mzee alikuwa shamba. Kuna chakula cha mchana. Mwandishi asiye na nauli atasoma gazeti hewani, hana jinsi. Na asiye na mshahara, siku mwenye hafla akimkabidhi bahasha ataipokea, na kesho habari itakwenda kama mwenye bahasha anavyotaka. Tunamlaumu kwamba hana maadili. Lakini aliyemtuma kazini mwezi mzima akiwa na njaa tunamwalika kwenye mahafali awe mgeni rasmi. Wenye vituo wananiambia matangazo ya biashara yamehamia mitandaoni, umeme uko juu, leseni ina gharama. Najua, na sina sababu ya kuwakatalia. Ila sijaona kituo kilichoshindwa kununua mafuta ya jenereta kikamwomba muuza mafuta ajitolee.

Na sisi tunaofundisha tuna letu. Nimefundisha darasa la watu 160 lenye rekoda nne, mbili kati ya hizo mbovu. Nimetunga mtihani unaosema "Taja na ueleze sifa tano za redio" kwa sababu ndio mtihani unaosahihishika ukiwa na vijitabu 160 mezani. Nimempa alama A kijana ambaye hajawahi kumrekodi binadamu mwingine, na nikasaini. Sheria ya huduma za habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilipotaka mwandishi awe na angalau stashahada, vyuo tulifurahi, madarasa yakajaa, ada zikaingia. Lilikuwa jambo la haki kuitaka taaluma iheshimiwe. Lakini kama cheti nilichosaini mimi hakisemi lolote kuhusu masikio ya mwenye nacho, basi yule meneja ana haki ya kuniambia wa vyeti anao wengi. Hilo neno lake ndilo lililoniuma zaidi, na nimelistahili.

Watu wanasema redio inakufa. Siamini, nami sitapoteza nafasi kulijadili. Nendeni Micheweni kule Pemba, au Pangani, au Terrat kwa wafugaji wa Simanjiro, mkaone mtangazaji anayeishi mtaa mmoja na wasikilizaji wake anavyosimamishwa njiani na kuulizwa kuhusu jambo alilolisema jana.

Ahmed Jongo alipotutangazia mpira wa Simba na Yanga redioni, sisi tuliokuwa kilomita mia sita kutoka uwanjani tuliona mpira unakwenda kona. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri. Lakini aliutazama uwanja kwa niaba yetu, na akausikiliza ule umati, akajua wakati wa kunyamaza ili tuusikie na sisi.

Jumatano usiku nilimpigia meneja wangu. Nikamwambia ninao watu wawili. Mmoja ana wafuasi mia tatu, wengi ni ndugu zake. Mwingine ni huyu wa Mbagala, na nimeshazungumza naye, yuko tayari kurudi kama kuna mshahara, hata mdogo, na nauli. Akasema, "Prof, sampo ziko wapi?" Nikamtumia ile sauti ya Feri kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika tatu, na zile sekunde saba zikiwa nzima.

Leo ni Jumamosi. Ujumbe ameuona siku ile ile. Ile alama ya maiki pembeni ya sauti, inayogeuka bluu mtu akiisikiliza, bado haijageuka.