Keria haivunjikii bombani

Chunguza keria ya bodaboda iliyovunjika. Ni nadra bomba kukatika katikati. Hukatika shingoni, pale liliposagwa kwa nyundo likawa bapa ili litobolewe tundu la bolti. Au bolti imepinda, ikakatika usawa na chasisi. Au kuna ufa kwenye chasisi yenyewe, pembeni kabisa ya mshono wa mchomeleaji. Halafu mwenye pikipiki akirudi kwa fundi anaongezewa nini? Bomba. Geji nene zaidi, mshazari mmoja wa ziada, kilo mbili za chuma zisizo na kazi. Anaumwa jino, anafungwa bendeji mguuni.

Kwa maoni yangu, sehemu yenye thamani kuliko zote katika kifaa chochote cha kuongeza kwenye pikipiki, iwe keria, gadi ya mbele au kishikio cha simu, ni bushi: kile kipande kifupi cha chuma chenye tundu katikati kinachokaa kati ya chasisi na kifaa. Bushi haihitaji karakana kubwa. Mashine ndogo ya kukereza, ile inayozungusha chuma kikachongwa kwa kisu, inayokaa juu ya meza, yenye uzito wa kilo 40 hivi na mota ya nusu kilowati inayotumia umeme wa kawaida wa nyumbani, inaitengeneza kwa usahihi kuliko inavyohitajika. Bomba mwachie mchomeleaji, yeye ndiye mwenye kazi hiyo.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapobishana bila namba. Keria imebeba kilo 60. Pikipiki ikiingia shimoni mzigo huo unaweza kugonga kwa nguvu mara tatu ya uzito wake, na bolti nne hazigawani sawa hata siku moja. Tuseme bolti moja imepokea niutoni 1,000, yaani kama kilo 100. Keria imekaa milimita 30 nje ya chasisi ili ikwepe kiti na taa, na katikati hapo kuna bolti tupu ya M8 (unene wa milimita 8), au rundo la washa zinazochezacheza. Bolti hiyo sasa ni kama tawi lililoning'inizwa ndoo. Kwenye shina la meno, ambapo unene wake ni karibu milimita 6.6, mkazo unapita megapaskali 1,000 (megapaskali moja ni niutoni moja kwa kila milimita ya mraba). Bolti ya daraja la ugumu 8.8 huanza kulegea na kupinda kwenye 640. Haiponi.

Sasa weka bushi ya milimita 20 kwa nje, tundu 8.5, urefu 30, kisha kaza bolti ileile kwa niutoni mita 25. Bolti inabana kwa nguvu ya zaidi ya niutoni 15,000, na kazi ya kuzuia kupinda inahamia kwenye bushi, ambayo mkazo wake hauzidi 40. Bolti imebaki na kazi moja tu, kuvuta, ambayo ndiyo iliyotengenezewa. Ni mzigo uleule, bolti ileile, shimo lilelile la barabarani.

Ila hayo yote yanategemea kitu kimoja: nyuso mbili za bushi ziwe zimenyooka na kulingana. Bushi iliyokatwa kwa grinda na kusawazishwa kwa macho inagusa upande mmoja. Ukikaza, bolti inapinda kabla hata mzigo haujapanda. Ndiyo maana inatakiwa mashine ya kukereza. Grinda hata mkono ukiwa mzuri vipi haitafika.

Chukua shafti ya chuma laini ya milimita 20. Kata kipande cha 32 kwa msumeno wa chuma. Wengi watakwambia ukatie mashineni kwa kisu cha kukatia. Kwenye mashine ndogo hiyo ni kujitafutia kelele, maana kisu kinatetemeka, kinajibana ndani ya mfereji, kinavunjika. Msumeno unamaliza kwa dakika tatu. Funga kipande kwenye chaki, yaani taya za mashine zinazokishika na kukizungusha, kikitokeza milimita 10 tu, kisha sawazisha uso kwa mizunguko 400 kwa dakika. Kasi hiyo inatokana na kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia) kinachotaka mita 25 hivi za chuma laini kwa dakika. Kwa kipenyo cha milimita 20 unazidisha 25 kwa 318 na kugawanya kwa 20. Ukibadilisha kipenyo, piga hesabu upya.

Ncha ya kisu iwe sawa na kitovu cha mashine. Ikiwa chini, katikati ya uso itabaki chunusi ndogo, na drili ya senta itaipanda na kukwepa. Ikiwa juu, kisu kinasugua badala ya kukata na uso unang'aa kwa joto. Weka kipande cha bati chini ya kisu mpaka chunusi ipotee, ndipo uendelee. Kisha drili ya senta, ile fupi ya kuanzishia tundu katikati, drili ya 5, halafu ya 8. Usitoboe 8.5 sasa, sababu inakuja. Kila milimita tano, rudisha drili nje imwage maranda ya chuma na uipake mafuta. Drili inayopiga kelele kama panya haikati tena: imejaa maranda, na ukiendelea kusukuma tundu litapinda.

Geuza kipande. Hapa ndipo bushi nyingi zinapoharibika. Unyoya mmoja wa chuma ukibaki kati ya meno ya chaki na kipande, uso wa pili hautalingana na wa kwanza. Futa meno kwa brashi, si kwa kidole. Sukuma kipande kikae, funga, sawazisha mpaka urefu ufike 30. Pima kwa venia, kipimo cha taya cha kupimia unene, sehemu nne kuzunguka. Tofauti ya 0.05 inakubalika, ikiwa 0.1, fungua, futa, rudia. Bushi nne za keria moja zilingane urefu, kwa hiyo funga kizuizi kwenye kitanda cha mashine badala ya kupima kila moja upya. Mwisho punguza ukali wa kingo kwa nusu milimita, ndani na nje.

Kuhusu chuma chenyewe, chuma chakavu kina mitego. Nondo inaonekana bure na imara, lakini nyingi zimepozwa kwa maji kiwandani: nje ngumu, ndani laini. Kisu kinaruka, kipenyo kinatoka yai. Fimbo ya shokapu ina ngozi ya kromiamu juu ya chuma kilichokomazwa na itakula ncha ya kisu kabla hujapata hata maranda. Shafti za magurudumu ya magari ni chuma kizuri lakini kigumu, na kukichomelea bila kukipasha moto kwanza ni kukaribisha ufa. Kwa bushi itakayochomelewa, nunua chuma laini kipya. Kipande cha mita moja kinatoa bushi zaidi ya 25 hata ukihesabu mapengo ya msumeno.

Sasa ile sababu ya tundu la 8. Badala ya kubonda ncha ya bomba, mchomeleaji achonge mdomo wa samaki kwenye bomba, uikumbatie bushi, kisha ashone kuzunguka. Joto la mshono linaivuta bushi na tundu linakuwa yai. Ikishapoa, pitisha drili ya 8.5, inanyoosha tundu na kuondoa matone. Ukitoboa 8.5 mapema, baada ya kuchomelea bolti itakwama na utalazimika kufika 9 au 10, na ule mkao mzuri umepotea.

Usichomelee keria ikiwa juu ya pikipiki. Tengeneza jigi, kiolezo cha kushikia kazi: flatibaa ya 50 kwa 6 iliyotobolewa kwa kunakili nafasi za matundu ya chasisi. Funga bushi kwenye jigi kwa bolti, choma vidonda vidogo vya kushikiza tu kila upande kwa zamu, ndipo umalize mishono. Keria iliyoshonwa upande mmoja mpaka mwisho itavutika upande huo, na siku ya kufunga utaona mtu anatia bisibisi kama mtaimbo ili bolti ya nne iingie. Bolti hiyo imeshaanza kazi ikiwa imechoka. Kuchomelea moja kwa moja kwenye chasisi sitakutetea hata kidogo. Bomba la chasisi ni jembamba, na pembeni ya mshono pana mfereji mdogo na chuma kilichobadilishwa na joto. Injini ya silinda moja inatikisa hapo mchana kutwa. Ufa huanza humo.

Meno ya bolti nayo yana vituko vyake. M8 ya kawaida ina hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.25, na drili yake kabla ya tapu, kifaa cha kuchonga meno ndani ya tundu, ni 6.8. M6 ni hatua 1.0, drili 5. M10 ndiyo msumbufu: dukani utapewa yenye hatua 1.5, lakini matundu mengi ya vioo vya pembeni ni M10 ya 1.25. Ile ya 1.5 inaingia mizunguko miwili mitatu kwa vidole, inakwama, mtu anadhani ni kutu, anachukua spana. Hapo meno ya alumini yameisha. Sheria ni kwamba bolti isiyoingia kwa vidole mpaka mwisho haiingii. Na ukitengeneza kishikio cha simu kinachokaa chini ya kioo cha kulia cha Yamaha, kumbuka kwamba kioo hicho mara nyingi kina meno ya kinyume.

Angalia pia nati za kofia zinazofunga shokapu kwa juu, pale ambapo miguu ya keria nyingi hupachikwa. Ukiongeza bapa la keria la milimita 5, nati inashika meno matatu manne tu. Ukiliondoa bapa bila kurudisha washa, ncha ya bolti inagota ndani ya kofia. Spana inakuambia imekaza, kumbe shokapu inacheza. Tumia nati iliyo wazi, meno mawili yatokeze nje uyaone kwa macho.

Alumini ni nzuri kwa urembo, na kwenye mashine ndogo inakatika kama sabuni kwa mizunguko 1,200 hivi kwa kipenyo hichohicho cha 20. Ila tofautisha alumini ya kiwandani, kama 6061-T6, na ile ya kuyeyushwa kutoka kwenye pistoni na sufuria. Ya pili ina mapovu ndani. Unayakuta ukiwa umebakiza milimita moja kumaliza. Chini ya kichwa cha bolti ya M8 iliyokazwa vizuri mgandamizo unafika megapaskali 200 au zaidi. Alumini ya sufuria inabonyea polepole na bolti inalegea yenyewe. Ukilazimika kuitumia, weka washa pana ya chuma ya milimita 16, ambayo inaushusha mgandamizo karibu nusu au zaidi.

Vile vizito vya kuziba ncha za usukani vinauzwa vya alumini kwa rangi zote. Kipande cha kipenyo cha 32 na urefu wa 40 kikiwa cha chuma kina gramu 250. Cha alumini hakifiki 90. Kazi yake ni kupunguza mtetemo, na mtetemo unapunguzwa na uzito, kwa hiyo rangi ya bluu haisaidii. Kereza cha chuma. Upande wa mkono wa mafuta, ule unaozungushwa kuongeza mwendo, acha nafasi ya milimita 2 kati yake na mpira wa mkono. Kikisugua, mafuta hayarudi ukiachia, na hilo halina mjadala.

Kuna vitu visivyofaa kutengenezwa nyumbani hata kama mashine inaweza: ekseli za magurudumu, pini na mikono ya breki, shina la usukani. Hivyo vina ugumu uliopimwa, na venia haipimi ugumu. Na kwenye mashine yenyewe, glavu zivuliwe, mikono ya shati ikunjwe, ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata kwa sekunde moja.

Wakati wa kufunga, anza kwa vidole bolti zote nne, kisha kaza kwa msalaba. Rudia baada ya kilomita 100. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bapa. Mstari ukikatika utajua bila spana. Pwani, bolti ya chuma kisichoshika kutu ikiingia kwenye alumini ipakwe grisi, vinginevyo chumvi ya hewa itazishikanisha na siku ya kuifungua utaikata.

Na rangi. Mafundi wanapenda kupaka keria nzima, nyuso za bushi zikiwemo, ipendeze. Bolti ya M8 iliyobana milimita 40 inanyooka karibu milimita 0.08 tu, mnyooko huo mdogo ndio unaobana kila kitu. Rangi mbili tatu nene chini ya kichwa na kwenye nyuso za bushi zikisagika kwa mtetemo zikapungua 0.05, zaidi ya nusu ya mbano imeondoka bila nati kugeuka hata kidogo, na ule mstari wako wa alama utabaki umenyooka vilevile. Ziba nyuso hizo kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya kupaka, kisha uzipake grisi nyepesi wakati wa kufunga.