Mtoto aliyeshindikana: umbane au umbembeleze?

Kila ikizungumziwa shule mbadala, zile zinazopokea watoro na waliofukuzwa kwingine, watu wanagawanyika palepale. Kuna wanaosema hawa watoto wamekosa nidhamu, wabanwe. Na kuna wanaosema wameumizwa, wapendwe kwanza.

Wa kubana nawaelewa, mtoto ambaye nyumbani ni vurugu tupu anatulia akishajua saa fulani ni kitu fulani na akikosea atafanywa nini, leo na kesho hivyohivyo. Shida ni pale kubana kunapoishia kufukuza. Marekani mwaka 1994 walipitisha sheria kwamba mwanafunzi akileta bunduki shuleni afukuzwe mwaka mzima, hapo sawa, lakini shule nyingi zikahamishia ukali huohuo kwenye makosa madogo kabisa, na 2008 jopo la chama cha wanasaikolojia cha hukohuko likapitia ushahidi lisione kwamba shule zimekuwa salama zaidi. Sasa shule mbadala ndo kituo cha mwisho, huyu ukimfukuza na hapo anaenda wapi?

Ila wa upole nao wasishangilie mapema. Pittsburgh, mji wa hukohuko Marekani, walichukua shule 44, nusu yake walimu wakafundishwa kusuluhisha makosa kwa mazungumzo badala ya kusimamisha watoto masomo, wakafuatilia miaka miwili. Matokeo yakatoka 2018: siku za kusimamishwa zimepungua, walimu wanasema hali shuleni imekuwa nzuri, lakini watoto wa darasa la 6 hadi la 8 masomo yao yakashuka. Hilo linaniuma kweli, maana mtoto aliyekwisha kuachwa nyuma ndo hawezi kabisa kumudu kushuka tena.

Kwahiyo mi nasimama na upole, ila upole unaodai kazi. Mtoto hajaandika chochote wiki nzima halafu anaambiwa "usijali, ukiwa tayari", hapo ameshakatiwa tamaa, tofauti ni kwamba sauti ilikuwa laini. Anachohitaji ni mtu mzima mmoja anayemjua vizuri, asipokuja leo atafutwe leoleo, aulizwe kumetokea nini na asikilizwe mpaka mwisho, na akirudi akute lile swali aliloliacha bado linamsubiri, na mwalimu kakaa pembeni yake mpaka alimalize. Hii inakula muda na inataka madarasa madogo, ndo maana shule nyingi zinachagua kufukuza.