Ijumaa ni ya nani? Safari za wikendi za mwanamke asiye na mume huku Uarabuni

Soko la mbuzi la Nizwa hufanyika Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado halijakaza. Wauzaji huwazungusha mbuzi kwenye duara huku wakinadi bei, na wanunuzi hujipanga ndani na nje ya duara hilo, huyu akimpapasa mnyama mgongo, yule akimfungua mdomo kutazama meno. Mara yangu ya kwanza nilikwenda peke yangu. Beberu akanikanyaga mguu, nikaropoka "Mungu wangu!", na mama mmoja mtu mzima aliyekaa ukingoni akageuka kama aliyeitwa jina lake.

"We mtoto, umetoka wapi?"

"Shikamoo bibi. Tanga."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu, kutoka Maskati."

"Peke yako! Mumeo yuko wapi?"

"Sijaolewa, bibi."

Alinitazama toka utosini mpaka viatuni, kisha akasogea. "Haya, kaa hapa karibu yangu, wasikusumbue."

Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa msichana, kama familia nyingi zilizohamia huku baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Ndiyo maana katika masoko ya Nizwa, Ibra na Maskati Kiswahili hukukuta mahali usipokitarajia. Maneno ya bibi yule nimeyarudia kichwani mara nyingi. Hakuwa na shaka kwamba nitasumbuliwa, na bado hakuniambia nirudi nyumbani.

Mjadala huu tunaujua sote tunaofanya kazi Uarabuni: wauguzi, walimu, wahudumu wa hoteli, wahasibu kama mimi, na wale walio wengi kuliko sisi sote, wafanyakazi wa nyumbani. Mwanamke aliyekuja peke yake kutafuta riziki, je, siku zake za mapumziko atoke akaione nchi, au atulie chumbani apumzike na kutunza fedha zake? Kila Alhamisi jioni swali linarudi. Wanaosema atulie wana hoja za kweli, na sipendi namna sisi wenye kupenda safari tunavyozipuuza.

Tuanze na fedha. Mama yangu ndiye anayesimamia nyumba ninayoijenga Tanga, na siku hizi hesabu zake zote ni za bati. Siku moja nilimpigia kumsimulia bonde la Wadi Shab: unavushwa kwa boti ndogo, halafu unatembea kwa miguu katikati ya majabali mpaka kwenye vidimbwi vya maji ya kijani vya kuogelea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Imekugharimu kiasi gani?" Nikamwambia riali tano. "Hilo bati moja, mwanangu."

Alikuwa sahihi. Tulikuwa wanne ndani ya gari la mwenzetu Mganda. Kutoka Maskati ni kama kilomita 150, na kurudi vivyo hivyo. Petroli ya Oman haifiki robo riali kwa lita, kwa hiyo mafuta ya siku nzima tulichanga chini ya riali mbili kila mmoja. Boti riali moja. Wali na samaki njiani, na tano zikaisha. Riali moja ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu, kwa hiyo tano ukizituma nyumbani zinaonekana.

Ila hesabu hiyohiyo inaonyesha kwamba tunaposema safari ya wikendi tunachanganya vitu viwili. Siku moja kwa gari la kuchangia ni bati moja. Wikendi ya ndege ni kitu kingine kabisa. Georgia, kwa mfano, imekuwa kipenzi cha wakazi wa Ghuba kwa sababu kwa miaka mingi imewaruhusu wenye vibali vya ukazi vya nchi hizi kuingia bila viza. Tiketi, hoteli, koti zito ambalo hutalivaa tena Maskati: hapo upande mzima wa paa umeondoka. Nimewaona wenzangu wakikopa ili wapige picha kwenye theluji, wakarudi na deni la miezi minne. Kwa hilo niko upande wa mama.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba Ghuba ni salama, na kwa upande wa wezi ni kweli. Nimetembea Matrah, mtaa wa Maskati, saa nne usiku na mkoba begani, jambo ambalo nisingethubutu kulifanya Kariakoo. Lakini mwanamke mweusi akisimama peke yake kando ya barabara, gari hupunguza mwendo, kioo kikashuka, na linaloulizwa ni bei. Safari ile ya Nizwa nililala huko usiku wa Alhamisi ili niwahi soko. Kijana wa mapokezi wa hoteli aliniuliza mara tatu kama kuna mtu atakayenifuata chumbani. Mwanamke wa Kizungu aliyekuwa mbele yangu, naye peke yake, alipewa ufunguo na ramani ya mji. Nilipanda ngazi nikiwa na hasira, nikaegemeza kiti mlangoni, nikalala na taa.

Zaidi ya hapo kuna sheria. Katika nchi kadhaa za Ghuba uhusiano wa nje ya ndoa bado ni kosa la jinai. Mwanamke aliyedhuriwa akiwa matembezini hufikiri mara mbili kabla ya kwenda polisi, kwa kuhofia kwamba badala ya kuulizwa alifanyiwa nini ataulizwa alikuwa akifanya nini na mwanamume yule. Hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote za wanaosema tutulie, na sina jibu lake kamili. Nilichofanya ni kujiwekea masharti. Siingii gari la mwanamume niliyemjua kwa simu, hata awe wa kwetu, hata awe amesoma na binamu yangu. Mtu mmoja wa kike anajua niko wapi na narudi saa ngapi. Na Nizwa au Sur, ambako basi la Mwasalat, kampuni ya mabasi ya Oman, linafika, naweza kwenda peke yangu. Mabondeni na milimani siendi bila wenzangu.

Mabonde yenyewe yanataka heshima. Sisi tuliokulia pwani tunaijua bahari na kuiogopa, lakini bonde kavu hatuliogopi. Mbingu inaweza kuwa nyeupe juu yako huku mvua inanyesha milimani, na maji yakaja kwa ghafla. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliwachukua watoto wa shule Samad al-Shan. Kulivuka kwa gari bonde lenye maji yanayokwenda ni kosa la kisheria Oman, na wanaojaribu bado wapo.

Sasa kwa nini, pamoja na yote hayo, naendelea kutoka?

Mwaka wangu wa kwanza sikutoka kabisa. Ijumaa na Jumamosi nililala kitandani, kiyoyozi kikinguruma, nikipiga simu nyumbani mpaka wadogo zangu wakaanza kunikatia kwa adabu: "Dada, ngoja nikupigie baadaye." Fedha niliyodhani naitunza iliishia kwenye chakula cha kuletewa mlangoni na nguo za kuagiza kwa simu ambazo nusu yake hazikunitosha. Mwaka ulipoisha nilijua njia ya kwenda ofisini na njia ya kwenda dukani. Mjomba aliponiuliza Oman ikoje, nilibabaika kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa bila kusoma.

Halafu nikaenda Salalah kwenye kharifu, msimu ule wa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba ambapo kusini mwa Oman hushukiwa na ukungu na manyunyu, na milima ikawa kijani kama Lushoto. Kandokando ya barabara kuna vibanda vya ndizi na madafu. Mwuzaji akalishika dafu kwa mkono wa kushoto, akalikata kwa mapigo matatu, akanipa. Niliinywa ile ladha nikalia palepale, na wala sikuona haya. Sikujua mpaka dakika ile jinsi nilivyokuwa nimejikausha.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa nyumbani hawaioni. Mwanamke anayetoka huijua nchi. Anajua basi linaposimama, kituo cha polisi kilipo, namna ya kuzungumza na dereva, ubalozi wetu uko upande gani wa Maskati. Siku akidhulumiwa mshahara au akisumbuliwa kazini, hana haja ya kuanza kujifunza mji huku analia. Wanaosema tukae ndani kwa ajili ya usalama wanasahau kwamba kutoijua nchi nako ni hatari, tena ni hatari inayompendeza sana mwajiri mbaya.

Na mambo yamebadilika. Saudia, ambako hadi Juni 2018 mwanamke hakuruhusiwa kuendesha gari, ilianza kutoa viza za utalii mwaka 2019 na kuruhusu wanawake kupanga chumba cha hoteli peke yao. Mwaka 2023 Saudia iliacha kuwachuja wakazi wa nchi jirani za Ghuba kwa kazi zao. Kabla ya hapo, kazi iliyoandikwa kwenye bataka yako, yaani kitambulisho cha ukazi, ndiyo iliyoamua: mhasibu apite, mfanyakazi wa nyumbani abaki mpakani. Hata kalenda inatugawa. Tangu Januari 2022 wikendi ya Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, sisi wa Oman tumebaki na Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo mimi na rafiki yangu wa Dubai tuna siku moja tu ya kukutana, na tukitaka mbili mmoja wetu lazima aombe ruhusa.

Lakini naandika haya nikijua kwamba nazungumzia wikendi yangu mimi. Bataka yangu niko nayo, pasipoti yangu iko kabatini kwangu, na ofisi ikifungwa hakuna anayeniuliza nakwenda wapi. Hapo ndipo naona mjadala wetu unakosea njia. Tunabishana kama vile swali ni la ujasiri, au la maadili, au la ubadhirifu, ilhali kwa wanawake wengi wa kwetu swali ni kama hiyo siku ipo.

Kwenye karatasi ipo. Sheria za wafanyakazi wa nyumbani za Kuwait (2015), Qatar (2017) na Falme za Kiarabu (2017, ikafuatiwa na nyingine 2022) zote zinataja siku ya mapumziko ya kila wiki. Ndani ya nyumba ya mtu, nani anakagua? Kuna anayepewa mapumziko ndani ya nyumba hiyohiyo, akiwa na mtoto wa madamu mgongoni. Kuna anayelipwa kidogo juu ya mshahara badala ya siku, na hakuulizwa. Pasipoti anashika kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, ingawa haruhusiwi. Akilala nje usiku mmoja anaweza kuripotiwa mtoro, na baada ya hapo kila askari wa barabarani ni tishio kwake. Kumwambia mtu huyu "toka dada, maisha ni mafupi" ni kumchongea. Nimewahi kusema maneno hayo, kwa mtu aliyenijibu kwa kunyamaza, na mpaka leo najuta.

Kwa hiyo tangu mwaka jana gari letu lina utaratibu mwingine. Tunamchukua mwenzetu mmoja wa Kilifi anayefanya kazi kwenye nyumba moja upande wa al-Khoud. Anapewa Ijumaa moja kila wiki mbili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mara ya kwanza nilikwenda mwenyewe kuomba. Madamu wake alinikaribisha kahawa na tende, akataka kujua dereva ni nani, akatoka mpaka getini kuhakikisha kwamba ndani ya gari ni wanawake watupu. Nilimwachia namba yangu na picha ya bataka. Sikufurahia kumwombea mtu mzima ruhusa kama anayemtoa mtoto shule, na mwenzangu alisimama pembeni akitazama sakafu. Lakini geti lilifunguliwa.

Wadi Shab haiwezekani kwa saa zake bila kukimbizana, na soko la Nizwa huwa limekwisha kabla hajafika. Tukachagua Nakhal: ngome juu ya mwamba, na chini yake, upande wa mitende, chemchemi ya maji ya uvuguvugu ambapo familia hukaa kando na vyakula vyao. Alivua viatu, akakunja buibui mpaka magotini, akatumbukiza miguu. Vijisamaki vikaja kumdonoa vidole, akapiga kelele ya kucheka ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Baada ya muda akauliza saa ngapi.

Nikamwambia saa saba na robo. Akahesabu kwa vidole, akaongeza saa nzima ya njiani, kisha akairudisha miguu majini.