Mtoto wa mwani, nimeaibishwa na mwani

Jamani mimi kwetu Paje, Zanzibar, mama analima mwani tangu sijazaliwa, nimekua nafunga mbegu kwenye kamba maji yakitoka. Sasa niko Busan nasoma, nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa Kikorea, namwita halmoni, ndo bibi kwa lugha yao. Siku ya kwanza tu nshamwonyesha picha za mama yuko baharini, nikajisifu weee, kwenye mwani mimi hamna wa kunifundisha.

Basi Jumamosi anatoka, akaniambia nunua dasima, uanze supu na dagaa, nikirudi ntatia doenjang, ndo rojo lao la soya lililochachushwa. Dasima ni mwani mpana, mnene, unauzwa mkavu umekakamaa kama ngozi ya ngoma. Nikabeba mfuko mkubwa kuliko yote. Kufungua nyumbani, lahaula, juu pote una unga mweupe! Nikajua nshapigwa, wameniuzia wenye ukungu. Kurudi sokoni mvua inanyesha, nikachukua dodoki na sabuni ya vyombo nikasugua kipande kimoja kimoja mpaka vinang'aa. Kumbe unga ule ndo utamu wenyewe, wenzetu wanapangusa vumbi tu kwa kitambaa kibichi basi.

Haya, nikaloweka mfuko mzima, nikaenda kuoga. Kurudi mwani umevimba umepanda juu ya beseni, mwingine uko sakafuni, nikawa naurudisha huku unateleza kama mkunga. Nikausokomeza wote kwenye sufuria kubwa na dagaa (dagaa niliwatoa vichwa na matumbo, hapo angalau mnipe haki yangu), moto juu, saa nzima na nusu, si mgumu? Kitu kigumu unakichemsha kama maharage.

Nikatia mwiko, nikaunyanyua, supu ikaufuata. Yaani mlenda! Uzi mrefu kutoka sufuriani mpaka usoni kwangu. Naonja, chungu. Nikampigia mama anielekeze, akaniuliza, "We mwana, nani alokwambia mwani mie naupika? Mie naulima nauza." Akakata, nadhani alikuwa anacheka.

Halmoni huyo mlangoni. Kafunua sufuria, kanyamaza, "aigoo", kakaa chini kabisa kwa kucheka. Ndo kuniambia kipande kama kiganja kinatosha supu yetu wawili, ikichemka dakika kumi unakitoa, ukikiacha ndo utelezi na uchungu huo. Na mimi nimepika wa miezi sita, sufuria moja.

Halafu akainama tena, akaangalia vizuri.

"Mbona ina povu?"

Kimya. Nkajifanya Kikorea kimenipotea.

Akafuta machozi, akaniuliza taratibu, "Hebu nikumbushe mjukuu wangu, mama yako analima nini vile?"

Nikamwambia karafuu.